Moyo Nje ya Kifua: Historia ya Baridi, Mtiririko na Damu Inayorejea

Moyo wa binadamu ukitengwa na mishipa yake haufi papo hapo, wala hauwezi kungoja sana. Kwa zaidi ya miaka 40 madaktari wa upasuaji wamezoea kuuhesabia saa 4 tangu damu inapokatika katika kifua cha marehemu hadi inaporejea katika kifua cha mgonjwa. Kila saa inayoongezeka juu ya hizo huongeza hatari kwamba moyo uliopandikizwa utashindwa kusukuma damu siku ile ile. Muda huo mfupi ulipatikana kwa kazi ya vizazi kadhaa vya watafiti waliofuata mikondo miwili. Wa kwanza ni wa baridi: poza moyo ili upunguze mahitaji yake. Wa pili ni wa mtiririko: usiuache moyo ukae mtupu, endelea kuulisha. Mikondo hiyo ilizaliwa pamoja, ikatengana kwa muda mrefu, na katika miaka 20 hivi iliyopita imekutana tena. Katikati ya safari lilijitokeza jambo ambalo waasisi hawakulitazamia, kwamba damu iletwayo kuokoa moyo yaweza kuwa ndiyo inayoumaliza.

Wazo la mtiririko ndilo kongwe zaidi. Mwaka 1812 Mfaransa Julien Jean César Le Gallois aliandika kwamba kiungo chochote kingeweza kudumishwa hai endapo pangepatikana njia ya kukipitishia damu badala ya moyo. Yeye mwenyewe hakuwa na chombo cha kufanyia hivyo. Ilichukua zaidi ya nusu karne hadi mwaka 1866, katika taasisi ya Carl Ludwig mjini Leipzig, ambako Elias Cyon aliutoa moyo wa chura, akaufunga kwenye mirija ya kioo na kuutilia majimaji ya damu. Moyo ukaendelea kupiga. Jambo alilotaka kulipima Cyon lilikuwa athari ya joto na baridi juu ya idadi na nguvu za mapigo. Kwa hiyo katika jaribio hilo moja, juu ya meza moja, baridi na mtiririko vilikuwa tayari pamoja.

Robo ya mwisho ya karne ya 19 ilikuwa zama za kujifunza moyo unataka kunyweshwa nini. Mjini London, Sydney Ringer alitangaza mwaka 1882 kwamba maji ya chumvi yalitosha kuufanya moyo wa chura upige. Mwaka uliofuata alilazimika kujisahihisha: maji yaliyotumika yalikuwa ya bomba, nayo yalikuwa na kalsiamu. Alipotumia maji yaliyokenekwa, mapigo yalififia na kukoma, na alipotia kalsiamu yakarudi. Madini ambayo bila yake moyo haukazi misuli yake yangekuja kutajwa tena, miaka 80 baadaye, katika orodha ya wauaji wake. Mwaka 1895 huko Rostock, Oscar Langendorff aliupeleka ujuzi huo kwa wanyama wenye damu moto. Alisukuma kimiminika kinyumenyume kupitia mshipa mkuu, vali ikajifunga kwa shinikizo, na kimiminika kikakosa njia isipokuwa mishipa midogo inayoilisha misuli ya moyo wenyewe. Mbinu yake ingali inatumika maabara hadi leo. Mwaka 1902 Mrusi Alexei Kuliabko aliitumia kwa moyo wa mtoto aliyekuwa amefariki kwa nimonia saa 20 kabla, na moyo ule ukapiga tena. Tangu hapo ilijulikana kwamba kifo cha mtu na kifo cha moyo wake si tukio moja.

Karne ya 20 ilipoanza, Alexis Carrel na Charles Guthrie walikuwa Chicago wakishona mishipa ya damu kwa ustadi ambao haukuwahi kuonekana. Mwaka 1905 walipachika moyo wa mbwa mdogo kwenye shingo ya mbwa mkubwa, nao ukapiga kwa muda wa saa kama mbili hadi damu ilipoganda ndani yake. Carrel alipata tuzo ya Nobel mwaka 1912 kwa kazi hiyo ya mishipa. Mwaka 1935, akiwa New York, alishirikiana na rubani Charles Lindbergh kutengeneza pampu ya kioo iliyodumisha viungo vya wanyama nje ya mwili kwa siku kadhaa bila kuoza. Mjini Moscow, Vladimir Demikhov alifaulu mwaka 1946 kupachika moyo wa pili ndani ya kifua cha mbwa. Hawa walikuwa watu wa mtiririko na wa sindano. Baridi haikuwa imepewa nafasi yake, na bila baridi muda wao wa kushona moyo usio na damu ulikuwa mfupi sana.

Baridi iliingia kupitia chumba cha upasuaji wa kawaida. Mwaka 1950 mjini Toronto, Wilfred Bigelow alionyesha kwamba mbwa aliyepozwa hadi karibu nyuzi 20 za Selsiasi aliweza kusimamishiwa mzunguko wa damu kwa muda na bado akaamka. Sababu yake ni ya kikemia: kila joto linaposhuka kwa nyuzi 10, mahitaji ya seli hupungua kwa takriban nusu, kiasi kwamba kwenye nyuzi 4 misuli ya moyo hutumia karibu sehemu moja tu ya kumi ya nguvu zake za kawaida. Septemba 1952, F. John Lewis wa Minneapolis alimpoza mtoto wa miaka 5, akafungua moyo wake na kuziba tundu. Mwaka uliofuata John Gibbon wa Philadelphia alifaulu kumfanyia mgonjwa upasuaji kwa mashine ya moyo na mapafu. Mwaka 1955 Denis Melrose wa London akaongeza hatua ya tatu, yaani kuusimamisha moyo kwa makusudi kwa sitrati ya potasiamu, ili usimalize akiba yake kwa kupiga bure. Wazo lilikuwa sahihi, kipimo hakikuwa sahihi. Mchanganyiko wake ulikuwa mkali mno, misuli ikaungua, na madaktari wengi wa Uingereza na Marekani wakaiacha potasiamu kwa zaidi ya mwongo mmoja. Ni mfano mzuri wa jambo jema lililohukumiwa kwa kosa la kipimo.

Waliounganisha uzi wote huo ni Norman Shumway na Richard Lower wa Chuo Kikuu cha Stanford. Kati ya mwaka 1959 na 1960 walikata mioyo ya mbwa, wakaitumbukiza katika maji ya chumvi ya nyuzi 4, kisha wakaishona mahali pa mioyo ya mbwa wengine, ambao baadhi yao waliishi hadi siku 21. Mwaka 1962 kundi lao lilitangaza kuwa moyo wa mbwa uliohifadhiwa katika baridi kwa saa 7 bila tone la damu uliweza kupandikizwa na kubeba uhai. Hapakuwa na pampu wala dawa ya ajabu, ila maji, chumvi na barafu. Kwa maoni yangu hapa ndipo historia hii ilipopinda. Urahisi wa jambo hilo uliwavutia mno, na kwa zaidi ya miaka 40 iliyofuata pampu ya Langendorff na ya Carrel ikabaki kwa sehemu kubwa maabara huku ndoo ya barafu ikienda hospitali.

Hospitali ilifikiwa upesi. Januari 1964 huko Jackson, Mississippi, James Hardy alimpandikizia mgonjwa moyo wa sokwe mtu, nao ukakoma baada ya muda wa saa moja hivi. Desemba 3, 1967, katika hospitali ya Groote Schuur mjini Cape Town, Christiaan Barnard alimpandikizia Louis Washkansky moyo wa Denise Darvall, msichana aliyegongwa na gari. Mashine ya kumpumulia ilizimwa kwanza, kisha moyo ukapozwa kwa mashine ya mzunguko wa damu na kubebwa hadi chumba cha pili, umbali wa hatua chache. Uliposhtuliwa kwa umeme ukaanza kupiga. Washkansky aliishi siku 18 akafa kwa nimonia, maana dawa za kuzuia mwili usiukatae moyo zilikuwa zimeuvunja ulinzi wake. Mwaka 1968 zaidi ya mioyo 100 ilipandikizwa duniani, na wengi wa wapokeaji hawakumaliza mwaka. Karibu vituo vyote vikaacha, isipokuwa vichache, Stanford na Cape Town vikiwamo. Katika zama hizo mfadhili na mpokeaji walilala majirani, hivyo uhifadhi haukuwa tatizo la kuwanyima watu usingizi.

Hata hivyo, wakati magazeti yakimfuata Barnard, wanapatholojia walikuwa wameona jambo la kutisha zaidi. Mwaka 1960 Robert Jennings na wenzake nchini Marekani walifunga kwa muda mshipa unaolisha moyo wa mbwa, wakaufungua, na kugundua kwamba misuli iliyorudishiwa damu ilionyesha dalili za kifo kwa kasi ya kushangaza. Mwaka 1966 Zimmerman na Hülsmann wa Uholanzi waliunyima moyo wa panya kalsiamu kwa dakika chache, kisha wakairudisha: seli zikapasuka. Mwaka 1973 David Hearse wa London akaonyesha kuwa oksijeni nayo hufanya vivyo hivyo ikirejeshwa ghafla. Mtu aliyeshinda na njaa siku nyingi huweza kuuawa na sahani ya kwanza ya chakula, na moyo nao una tabia hiyo.

Sababu zake zilikuja kufahamika hatua kwa hatua. Seli isiyopata oksijeni huvunja sukari kwa njia ya haraka na kujaza asidi ndani yake. Ili kuiondoa asidi hiyo huingiza sodiamu. Pampu ambazo kwa kawaida huitoa sodiamu nje zinahitaji nguvu, na nguvu imekwisha. Tena baridi yenyewe huzilegeza, ndiyo maana moyo uliokaa muda mrefu kwenye barafu huvimba maji. Damu inaporejea, asidi iliyoko nje huoshwa mara moja, sodiamu huingia kwa wingi zaidi, na seli hubadilisha sodiamu hiyo kwa kalsiamu. Kalsiamu hufurika, misuli hukakamaa na kushindwa kulegea. Baridi, kwa hiyo, haikuondoa madhara. Iliyachelewesha tu hadi saa ya kurejea kwa damu.

Miaka ya 1970 ikawa zama za kupika vimiminika. Nchini Ujerumani, Hans Jürgen Bretschneider wa Göttingen, ambaye hakuwa amekata tamaa na wazo la kuusimamisha moyo kwa dawa, aliendeleza mchanganyiko wenye sodiamu kidogo na histidini ya kuzuia asidi. Katika hospitali ya St Thomas', London, Hearse na mpasuaji Mark Braimbridge waliirudisha potasiamu kwa kipimo cha upole, pamoja na magnesi, na kuanza kuitumia kwa wagonjwa mwaka 1975. Kwa upande wa figo, Geoffrey Collins wa Los Angeles alikuwa ameonyesha mwaka 1969 kwamba kimiminika kinachofanana na maji yaliyomo ndani ya seli huiwezesha figo ya mbwa kukaa saa 30 kwenye barafu, na baadaye Folkert Belzer na James Southard wa Wisconsin walitunga mchanganyiko wenye molekuli kubwa za kuzuia seli zisivimbe, ambao ulisambaa hadi kwenye ini na moyo. Urithi wa zama hizo umetufikia. Upasuaji wa kufungua moyo unaofanyika Dar es Salaam na Nairobi, ingawa hauhusu kupandikiza, husimama juu ya kanuni ile ile: potasiamu ya kuutuliza moyo na baridi ya kuupunguzia njaa.

Mwishoni mwa mwongo huo umbali uliingia. Sheria na tiba zilikuwa zimekubali kifo cha ubongo, kufuatia ripoti ya kamati ya Harvard ya mwaka 1968, hivyo moyo uliweza kutolewa ungali unapiga katika hospitali ya mji mwingine. Timu za Stanford na Richmond zikaanza kusafiri kwa ndege kuuleta. Kisha ikaja siklosporini, dawa iliyotokana na kuvu na kuchunguzwa na kampuni ya Sandoz ya Basel, ambayo ilianza kutumika kwa wagonjwa wa moyo wa Stanford mwaka 1980 na kuidhinishwa Marekani mwaka 1983. Vifo vya kukataliwa kwa moyo vilipungua, vituo vikaongezeka upesi, na mahitaji yakazidi mioyo iliyopatikana. Sasa saa 4 zikawa na maana ya ramani: zilichora duara kuzunguka kila hospitali, na moyo uliopatikana nje ya duara hilo haukuwa na faida kwa mtu.

Katika zama hizo hizo Cape Town ilifanya jambo ambalo dunia ililisahau. Winston Wicomb, akiwa na Barnard, David Cooper na Dimitri Novitzky, alijenga chombo cha kubebeka kilichopitisha kimiminika baridi chenye oksijeni ndani ya mishipa ya moyo kwa shinikizo dogo. Matokeo yao, yaliyochapishwa mwaka 1984, yalihusu wagonjwa waliopandikizwa mioyo iliyokaa nje ya mwili kati ya saa 7 na 17 hivi. Baridi na mtiririko vilikuwa vimekutana tena, kusini kabisa mwa Afrika, na saa zilizopatikana zilikuwa mara mbili hadi nne ya zile za barafu. Lakini chombo kilihitaji uangalizi, na sanduku la barafu halikuhitaji chochote isipokuwa mtu wa kulibeba. Dunia ikachagua sanduku. Chaguo hilo halikuwa la kijinga, kwa kuwa chombo kinachoharibika angani huua moyo kwa hakika. Ila liliahirisha swali kwa miaka 30.

Wakati huo maabara hazikulala. Miaka ya 1980 ililetea lawama radikali huru, yaani molekuli za oksijeni zilizokasirika ambazo huzuka katika dakika za kwanza za kurejea kwa damu na kuunguza utando wa seli. Mwaka 1986 Charles Murry, Jennings na Keith Reimer waliona kinyume cha mategemeo: mbwa aliyekatiwa damu ya moyo mara nne kwa dakika 5 kila mara, kabla ya kukatiwa kwa dakika 40, alipata kovu dogo lililofikia robo tu ya lile la wenzake. Moyo ulikuwa na kinga yake ya ndani iliyoweza kuamshwa. Kisha utafiti ukaingia ndani ya mitokondria, viwanda vya nguvu vya seli, na kukuta tundu linalofunguka kalsiamu ikifurika na kuiacha seli bila nguvu. Dawa iliyoweza kuliziba ilikuwa siklosporini, ile ile ya kuzuia kukataliwa. Jaribio dogo la Ufaransa la mwaka 2008, kwa wagonjwa 58 wa shambulio la moyo, lilileta matumaini makubwa. Jaribio kubwa la mwaka 2015, lenye wagonjwa wapatao 970, likayazima. Dawa nyingi zilizomwokoa panya zimekwama hapo hapo kwa binadamu.

Kisha mwaka 2014 kundi lililomhusisha Michael Murphy wa Cambridge likataja chanzo cha zile radikali. Moyo unapokosa oksijeni hulimbikiza suksinati, na damu inaporejea suksinati hiyo huchomwa kwa pupa, umeme wa seli hurudi nyuma ndani ya mitokondria, na radikali huzuka kwa dakika chache tu. Maelezo yao yanapendeza kwa kuwa yanataja saa mahsusi na kemikali mahsusi. Yanaeleza pia kwa nini kuchelewa kutoa dawa, hata kwa dakika 10, ni sawa na kutotoa.

Mtiririko nao ulikuwa umerudi, safari hii kwa joto. Mwaka 2006 barani Ulaya kilianza kutumika chombo cha kampuni ya TransMedics kinachoubeba moyo ukipiga, ukilishwa damu ya mfadhili wake. Jaribio lililochapishwa mwaka 2015, lenye wagonjwa 130, lilionyesha kwamba baada ya siku 30 walionusurika walikuwa asilimia 94 kwa chombo na asilimia 97 kwa barafu. Kwa tofauti hiyo chombo hakikuonekana kuwa duni, wala hakikuishinda barafu, huku kikiwa ghali mno. Thamani yake ilijitokeza mahali pengine. Mwaka 2014 madaktari wa hospitali ya St Vincent's, Sydney, walipandikiza mioyo iliyokuwa imesimama kabisa vifuani mwa wafadhili, wakiiamsha ndani ya chombo hicho na kuikagua kabla ya kuikubali, baada ya kuisafisha kwa kimiminika chenye eritropoietini na gliserili trinitrati za kupunguza madhara ya damu inayorejea. Hospitali ya Papworth ya Uingereza ikafuata mwaka 2015. Moyo wa Darvall pia ulikuwa umesimama. Tofauti ni kwamba sasa ungeweza kukaguliwa, tena mbali na mgonjwa.

Njia ya tatu ilitoka Lund, Sweden, kwa Stig Steen: sanduku linalopitisha kimiminika chenye oksijeni, homoni na chembe nyekundu za damu kwa nyuzi 8, moyo ukiwa umetulizwa. Nyuzi 8 ni baridi ya kutosha kupunguza njaa, si kali kiasi cha kugandisha pampu za seli kama barafu. Nguvu yake ilithibitishwa na nguruwe. Mjini Munich, kundi la Bruno Reichart lilikuwa likipandikiza mioyo ya nguruwe kwa nyani, na iliyohifadhiwa kwa barafu ilishindwa mapema. Walipotumia mbinu ya Steen, na kuuzuia moyo usikue kupita kiasi, nyani mmoja aliishi siku 195, kama walivyoripoti mwaka 2018. Januari 2022, mjini Baltimore, mgonjwa David Bennett alipokea moyo wa nguruwe uliohifadhiwa kwa njia hiyo hiyo, akaishi miezi miwili.

Mwaka 2024 jarida la Lancet lilichapisha jaribio la Ulaya lililolinganisha sanduku hilo na barafu kwa wagonjwa wa kawaida. Matatizo yaliyopimwa kwa ujumla yalikuwa asilimia 19 dhidi ya asilimia 30, tofauti ambayo kwa hesabu ya takwimu ilikosa kidogo tu kuvuka mstari wa uhakika. Kushindwa vibaya kwa moyo mpya kulikuwa asilimia 11 dhidi ya asilimia 28. Mwaka huo huo timu ya Paris ilieleza jinsi moyo uliotolewa katika visiwa vya Kifaransa vya Karibi ulivyovuka Atlantiki ndani ya ndege ya abiria, ukakaa nje ya mwili saa 12, na kupiga ndani ya kifua cha mgonjwa.

Kilichobaki nyuma ni dawa. Hadi sasa hakuna hata moja iliyoidhinishwa mahsusi kwa ajili ya kuzuia jeraha la damu inayorejea. Malonati, inayozuia suksinati isichomwe, ingali maabara, na vilevile protini ya sumu ya buibui wa kisiwa cha K'gari, Australia, ambayo watafiti wa Queensland na Sydney walionyesha mwaka 2021 kwamba huziba mlango unaoitikia asidi katika seli za moyo. Wakati hayo yakisubiriwa, hospitali nyingi zinazopandikiza mioyo zingali zinatumia barafu, kwa sababu masanduku mapya hugharimu maelfu mengi ya dola kwa kila safari, na kwa moyo uliopatikana umbali wa saa mbili barafu inatosha.